Aliyenyimwa haki ya ndoa, alipe kodi?



Novemba 2008 wapigakura wa jimbo la California, Marekani, waliamua kwa takriban asilimia 52 kwamba ndoa itakayotambuliwa na jimbo lao ni ya mwanamume na mwanamke tu. Miezi michache kabla ya hapo mahakama ya juu ya jimbo ilikuwa imeruhusu ndoa za watu wa jinsia moja. Baada ya kura hiyo mwanamuziki Melissa Etheridge, aliyekuwa akiishi na mwanamke mwenzake, aliandika hadharani kwamba hatalipa kodi ya jimbo. Hoja yake ilikuwa fupi: kama mimi si raia kamili, kwa nini nitozwe kama raia kamili?

Wengi wetu tunaosali Jumapili tungelijibu swali hilo kabla halijamaliza kuulizwa. Tungesema ndoa ya namna hiyo haimo katika Biblia, basi hakuna haki iliyonyimwa. Alipe kodi, anyamaze. Jibu hilo ni jepesi, ila linajibu swali jingine. Kanisa langu linafundisha kwamba ndoa ni agano la mume na mke, na leo sikusudii kulifungua fundisho hilo. Swali la leo linamhusu raia na serikali yake: je, mtu anayeamini kwamba sheria imemnyima haki ana ruhusa ya kuizuia kodi yake?

Swali hilo linaweza kuulizwa na mkulima ambaye barabara haijafika kwake, na mjane aliyeporwa shamba, na Mkristo anayeishi katika nchi isiyompenda Mkristo. Yesu alionya kwamba kipimo tunachowapimia wengine ndicho tutakachopimiwa sisi (Mathayo 7:2). Basi tulijibu kana kwamba aliyeuliza ni sisi.

Tena tusidhani kwamba jambo hili ni la Wamarekani peke yao. Mwaka 1917, katika himaya ya Waingereza ambayo leo ni Kenya, mtu aliyeitwa Amkeyo alishtakiwa kwa kukutwa na mali ya wizi. Ushahidi mkubwa dhidi yake ulitoka kwa mwanamke aliyekuwa mkewe kwa mila. Sheria iliwapa wanandoa kinga, mke asilazimike kutoa mahakamani mambo aliyoambiwa na mumewe chumbani. Jaji Mkuu Hamilton aliamua kwamba kinga hiyo haimhusu mama yule, kwa kuwa ndoa ya kimila, machoni pake, ilikuwa ni kununua mke, si ndoa.

Wakati huohuo serikali ileile ilikuwa ikitoza kodi ya nyumba. Mtoza kodi alipofika kijijini hakuuliza kama ndoa ni ya mila au ya kanisani. Alihesabu nyumba. Mwenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake, alilipia nyumba tatu. Mbele ya hakimu mama hakuwa mke, lakini katika daftari la kodi nyumba yake ilikuwamo. Babu zetu walilipa kodi kamili kwa serikali iliyoziona ndoa zao kuwa nusu ndoa.

Miaka tisini na zaidi baadaye jambo la aina hiyo lilimkuta bibi mmoja wa New York. Edith Windsor aliishi na mwenzake, Thea Spyer, kwa zaidi ya miaka 40. Spyer alipopata ugonjwa wa neva uliomlemaza mwili hatua kwa hatua, Windsor ndiye aliyemuuguza. Mwaka 2007 walikwenda Toronto, Kanada, wakafunga ndoa kwa sheria za huko. Spyer alifariki dunia Februari 2009, akimwachia Windsor mali yake. Kwa sheria ya Marekani, mali ambayo mume anamwachia mkewe, au mke mumewe, haitozwi kodi ya mirathi ya serikali kuu. Lakini sheria ya mwaka 1996 iliiagiza serikali kuu isizitambue ndoa za jinsia moja, hata pale jimbo linapozitambua. Windsor, akiwa na miaka 79, alitakiwa kulipa dola 363,053.

Unaweza kuwa na msimamo wako juu ya ndoa ile, msomaji, lakini tazama hesabu yenyewe. Serikali haikumwambia kwamba kwa kuwa hatumtambui, basi hatumdai. Ilimwambia kwamba kwa kuwa hatumtambui, atalipa zaidi. Mwandikishaji wa ndoa hakumwona, mkusanya kodi akamwona mara mbili.

Hapo ndipo hoja ya Etheridge inapopata nguvu, na si haki kuicheka. Taifa lake lenyewe lilizaliwa katika hoja ya jamaa hiyo. Desemba 1773 watu wa Boston walimwaga chai ya Waingereza baharini wakisema hawawezi kutozwa na bunge ambalo hawana mtu wao ndani yake. Sisi nasi tunayo ya kwetu. Kodi ya Wajerumani na kilimo cha pamba cha kulazimishwa vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Biblia nayo haikumficha mfalme Rehoboamu. Watu walimwomba awapunguzie mzigo, yeye akaahidi kuuongeza. Makabila kumi yakamwacha, na msimamizi wa shokoa aliyetumwa kwao akapigwa mawe hadi kufa (1 Wafalme 12). Mtawala anayetoza bila kusikiliza anapanda upepo.

Kwa hiyo hoja ina mizizi. Pamoja na hayo naiona ina ufa mkubwa katikati, na ufa huo ndio ninaotaka tuutazame asubuhi ya leo.

Hoja inasema, bila haki hakuna kodi. Sasa igeuze upande wa pili uone inavyosema: bila kodi hakuna haki. Sentensi hizi mbili ni mapacha, ukimpokea mmoja umempokea na mwenziwe. Ikiwa kodi ni bei na haki ni bidhaa, basi asiye na fedha hana cha kununua. Mama anayeuza mchicha kwenye beseni, ambaye kipato chake hakifikii kiwango cha kutozwa kodi ya mapato, atakuwa raia nusu. Mlemavu asiye na kazi, mtoto, mzee asiye na pensheni, wote watakuwa wageni katika nchi yao. Naye tajiri anayelipa mabilioni atakuja siku moja kudai haki zinazolingana na risiti zake.

Sokoni tunasema mkono mtupu haulambwi, na sokoni msemo huo una mahali pake. Lakini ukiuingiza mahakamani, au katika ofisi ya kata, au katika wodi ya wazazi, umeiua nchi. Haki ya mtu hailiwi, aliyelipa na asiyeweza kulipa. Kwa sababu hiyohiyo kodi haiwezi kuwa bei ya haki. Kodi ni deni letu la kuishi pamoja. Mlango wa zahanati unapofunguliwa haumuulizi mgonjwa anaamini nini. Zimamoto hawachagui nyumba ya kuzimia moto. Etheridge alipokuwa amekasirika, barabara za California aliendelea kuzipita, na watoto wa jirani zake waliendelea kwenda shule.

Kuna ufa wa pili. Tangu Juni 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani imeamua kwamba ndoa za jinsia moja zitambuliwe nchi nzima. Upepo umegeuka, na leo wapo Wakristo kule wanaosema sheria imekanyaga dhamiri zao. Kama hoja ya Etheridge ilikuwa halali mwaka 2008, nao pia wana ruhusa ya kuzuia kodi zao. Wakitoka hao watakuja wapinga vita. Wamennonite na Marafiki wamebishana kwa vizazi juu ya kulipa kodi inayonunua silaha. Baada ya hao atakuja asiyependa mradi wa reli, halafu asiyempenda rais. Mwishowe kila mtu atalipia serikali ile tu inayompendeza, na serikali ya namna hiyo haijapata kuwapo duniani.

Turudi kwa Bwana. Mafarisayo na Maherode walipomuuliza kama ni halali kumpa Kaisari kodi, hawakuwa wakitafuta mafundisho, walikuwa wakitega mtego (Mathayo 22:15-22). Akisema ndiyo, wananchi waliokandamizwa na Roma watamkataa. Akisema hapana, askari watamkamata. Akaomba waonyeshe sarafu, nao wakaitoa. Sarafu ya Kaisari walikuwa nayo tayari. Walikuwa wakinunua kwayo na kuuza kwayo. Yesu akauliza sura iliyo juu yake ni ya nani. Wakasema ya Kaisari. Akawaambia warudishe cha Kaisari kwa Kaisari, na cha Mungu kwa Mungu.

Mara nyingi tunaishia nusu ya kwanza, hasa wahubiri tunapoalikwa kwenye hafla za serikali. Nusu ya pili ndiyo nzito. Kama sarafu ni ya Kaisari kwa sababu ina sura yake, ni kitu gani kina sura ya Mungu? Mwanzo 1:27 inajibu: mtu. Kaisari apewe sarafu, lakini mtu mwenyewe si mali ya Kaisari. Serikali ina haki ya kutoza, haina haki ya kumfanya mtu kuwa si kitu. Na sura hiyo ya Mungu haikuwekwa kwa wale tunaokubaliana nao tu. Mtu ambaye maisha yake siyaafiki, naye ameibeba. Naweza kumwambia kwamba ninaamini tofauti juu ya ndoa, lakini siwezi kumwombea serikali imdhulumu nikadhani nimempa Mungu kilicho chake.

Kuna kisa kingine ambacho hakihubiriwi sana. Kule Kapernaumu watoza kodi ya hekalu walimfuata Petro wakamuuliza kama mwalimu wake halipi (Mathayo 17:24-27). Yesu akamuuliza Petro, wafalme wa dunia huwatoza nani, wana wao au wageni? Petro akajibu, wageni. Yesu akasema basi wana wako huru. Kwa maneno mengine, alikuwa na hoja kamili ya kutolipa, na ilikuwa hoja ya kweli. Akalipa hata hivyo, kwa sarafu iliyotoka katika kinywa cha samaki, akamlipia na Petro, ili wasiwakwaze watu. Alijua kwamba yeye ni Mwana, na kulipa hakukumpunguzia uwana wake.

Nadhani hilo ni neno la faraja kwa kila anayelipa kodi huku moyo unamuuma. Kulipa si kukubali kwamba wewe ni mgeni, na risiti haisemi kwamba sheria ni nzuri.

Lakini je, alipe na kunyamaza? Mtume Paulo ndiye aliyewaandikia Warumi kwamba wampe kila mtu anachodaiwa, kodi kwa wa kodi, ushuru kwa wa ushuru, hofu kwa wa hofu, heshima kwa wa heshima (Warumi 13:7). Watawala wanaipenda sura hiyo. Wasome pia mstari wa nne, unaosema mtawala ni mtumishi wa Mungu kwa mema yako. Hapo ndipo kazi aliyopewa imeandikwa.

Paulo huyohuyo, alipopigwa fimbo Filipi bila kuhukumiwa, kesho yake wakuu wa mji walipotuma watu wamfungulie kimyakimya alikataa kutoka. Alisema yeye ni raia wa Roma, waje wenyewe wamtoe (Matendo 16:37). Yerusalemu alimuuliza akida kama ni halali kumpiga mtu Mrumi asiyehukumiwa. Kaisaria alikata rufaa kwa Kaisari. Mlipakodi mtiifu wa Warumi 13 alikuwa mdai haki mkali kuliko wote waliokuwamo gerezani. Hakuona mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili. Akalipa, akadai, na alipodai alitaja sheria waziwazi.

Hiyo ndiyo njia aliyoifuata Edith Windsor, ingawa msomaji unaweza usikubaliane na alichokitafuta. Hakuficha mali wala kuandika hesabu za uongo. Alilipa zile dola 363,053, kisha akaishtaki serikali akidai arudishiwe. Juni 26, 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji watano dhidi ya wanne, iliamua kwamba kipengele kile cha sheria ya 1996 kilivunja katiba. Sheria ambayo ilikuwa imesimama kwa miaka 17 ilitikiswa na mjane mwenye risiti mkononi. Luka 18 inatueleza juu ya mjane aliyemwendea kadhi dhalimu kila siku mpaka akapewa haki yake. Yesu hakusimulia kwamba mjane yule alianza kwa kukwepa ushuru wa mji.

Mtu atauliza, na asiye na mlango wa kubisha afanyeje? Swali ni la haki. Watu wa Maji Maji hawakuwa na mahakama ya kuendea wala bunge la kupeleka malalamiko. Mwaka 1874 ndugu wawili wazee wa Glastonbury, Connecticut, Abby na Julia Smith, walikataa kulipa kodi kwa sababu mwanamke hakuwa na kura. Mkusanya kodi alichukua ng'ombe wao saba akawauza mnadani. Julia huyo alikuwa msomi aliyetafsiri Biblia nzima kwa mkono wake, ikachapwa mwaka 1876. Alijua Warumi 13 inasema nini. Lakini dada hawa walikataa mchana kweupe, mbele ya mkutano wa mji, wakawaacha ng'ombe wachukuliwe mbele ya macho yao. Kwao kukataa kulikuwa ushahidi, nao waliulipia.

Wao hawakuwa na sauti katika kuamua. Etheridge alikuwa na kura, aliipiga, upande wake ukashindwa. Aliyenyimwa sauti na aliyeshindwa baada ya kusema hawako mahali pamoja. Najua kura ya wengi siyo kipimo cha haki. Pilato naye aliuliza umati, na umati ukamchagua Baraba. Ndiyo maana mahakama zipo, ndiyo maana kalamu zipo. Palipo na mlango, bisha. Milango yote ikifungwa, atakayekataa akatae hadharani na awe tayari kuchukuliwa ng'ombe wake.

Sasa tuyalete mambo haya kwenye viti vyetu vya kanisani. Wapo kati yetu wanaofanya alichosema Etheridge, ila bila ujasiri wake wa kusema. Mwenye duka hatoi risiti, ukimuuliza anasema fedha zinaliwa na wakubwa. Mwenye nyumba anapangisha vyumba kumi na kutangaza vitatu. Mwajiri anaandika mshahara mmoja kwenye karatasi na kutoa mwingine mkononi. Kila mmoja ana malalamiko, na mengi ni ya kweli. Lakini malalamiko yaliyofichwa ndani ya daftari la uongo hayamrekebishi mtawala yeyote. Anayekwepa kodi kimyakimya hashuhudii dhuluma, anaongeza ya kwake juu ya ile iliyopo, na mzigo wake unahamia kwa mama wa mchicha anaponunua sabuni na sukari.

Nanyi mliokabidhiwa kukusanya na kutumia, Yohana Mbatizaji aliwaambia watoza ushuru wasitoze zaidi ya kilichoamriwa (Luka 3:13). Leo tuongeze kwamba anayetozwa asikilizwe. Serikali ikiweza kumfikia mtu kijijini mwisho wa barabara ili achangie, iweze pia kumfikia anapolia. Jina lililoandikwa katika daftari la kodi lisipotee katika daftari la haki, awe ni mtu tunayempenda au tusiyempenda.

Je, aliyenyimwa haki alipe kodi? Ninajibu, alipe. Alipe kwa sababu hospitali ya jirani yake inaitegemea sarafu ile, na kwa sababu haki yake ni kubwa mno kuwekewa bei. Akishalipa asiende kulala. Aishike risiti, aende kubisha mlango, na sisi tuliomo ndani tusijifanye hatusikii.

Nakutakia Jumapili yenye baraka.